Sauti Nzuri ni ya Nani?

Mwezi Agosti mwaka juzi nilimdanganya mjomba wangu mbele ya watu, tena kwa neno moja tu. Aliniuliza, "Hujazigusa?" Nikamjibu, "Sijazigusa, mjomba." Hapakuwa na fedha katika uongo huo, wala mwanamke, wala shamba la chai. Zilizokuwa zinaulizwa ni nobu tatu za amplifaya, basi. Msomaji wangu, huenda ukacheka ukasema huyu kijana wa Kinyala kakosa cha kuandika. Cheka tu, lakini nisikilize. Tangu siku ile sijajua kama nilitenda vema au nilitenda vibaya, na kila nikikaa kuandika riwaya yangu (ambayo iko sura ya nne kwa mwaka wa pili sasa) jambo hili linanitangulia mezani.

Kwanza nikujulishe na kitu chenyewe. Ni amplifaya ndogo ya gitaa, Fender Champ, ya Marekani, ya miaka ya 1970. Ukubwa wake ni kama kreti ya soda iliyosimamishwa. Ina spika moja ya inchi 8 na nobu tatu za kuzungusha: volyumu, trebo na besi. Hakuna kingine. Mjomba aliinunua Mbeya mjini kwa mpiga gitaa ambaye bendi yake ilikuwa imesambaratika, na yeye mwenyewe akapiga nayo solo kwenye bendi nyingine mpaka nayo ikasambaratika. Ndivyo bendi zilivyo. Alipokuja nayo huku Rungwe alikuja pia na transfoma ya kushushia umeme, kwa sababu kitu kile kinataka volti 117 na umeme wetu ni volti 230. Ukisahau ukaichomeka ukutani moja kwa moja, umeizika.

Ndani yake mna valvu tatu. Vijana wenzangu wengi hawazijui valvu; redio za babu zetu ndizo zilizokuwa nazo. Ni vichupa vya kioo vilivyonyonywa hewa yote. Ndani ya kichupa kuna waya unaowaka wekundu kama kaa la moto, na joto lile linafanya elektroni ziruke kutoka upande mmoja kwenda kwenye bamba la upande wa pili. Katikati kuna wavu mwembamba ambao ni kama geti. Mtikisiko mdogo unaotoka kwenye uzi wa gitaa unafungua na kufunga geti hilo, na mkondo mkubwa unafuata. Valvu ya kwanza inainyanyua sauti, ya pili inaisukuma spika, ya tatu kazi yake ni kuugeuza umeme uende upande mmoja. Usiku ukizima taa ya chumba unaziona kwa nyuma zinavyowaka, na mimi sijui kama kuna kitu kizuri kuliko hicho katika kata yetu nzima. Ila usiifungue mgongo. Mle ndani umeme hupanda kupita volti 300, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Fundi wetu alirushwa mpaka kwenye mlango.

Nguvu yake ni kama wati 5. Wengi wakisikia wati 5 wanacheka. Waache. Sikio la binadamu halihesabu kama duka linavyohesabu: ili sauti isikike mara mbili, unahitaji karibu mara kumi ya wati. Maana yake amplifaya ya wati 50 inayomtia mtu deni inapiga mara mbili tu ya hii yetu. Tena wapo wakubwa waliozichagua hizi ndogo kwa makusudi. Eric Clapton na Duane Allman waliporekodi albamu ya Layla mwaka 1970 walitumia Champ kama hii.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niite haya yote suala la maadili.

Valvu ni mwongo. Nasema hivyo bila kuionea. Ukipiga uzi taratibu na volyumu ikiwa kwenye 3, amplifaya inatoa karibu kile ulichopiga. Ukipandisha mpaka 6, ukapiga kwa nguvu, valvu inafika mahali haina tena pa kupanda. Mawimbi ya sauti yanagonga dari na vichwa vyake vinaviringika, kama mlima ulioliwa na mvua. Transista ikifika pale inakata wima, kama mtu anayekata mgomba kwa panga. Valvu inaviringisha. Na katika kuviringisha huko sauti mpya zinazaliwa ambazo wewe hukuzipiga: oktava ya juu ya noti yako, na nyingine juu yake. Wewe umepiga moja, watu wanasikia familia. Katika daftari la fundi hiyo inaitwa hitilafu. Katika sikio la msikilizaji inaitwa utamu.

Na historia ya utamu huo ni historia ya vitu vibovu. Mwaka 1951 huko Memphis kundi la Ike Turner lilifika studio na amplifaya iliyoharibika njiani. Inasimuliwa kwamba waliijaza makaratasi spika iliyochanika, wakarekodi hivyohivyo, na watu wakaupenda mkwaruzo. Mwaka 1964 kijana wa Kiingereza Dave Davies, wa kundi la The Kinks, aliichana kwa wembe spika ya amplifaya yake ndogo ya bei rahisi ili ikwaruze. Hakuwa amefika miaka ishirini. Wimbo ukashika namba moja Uingereza.

Wazee wetu wa dansi hawakwenda njia hiyo. Msikilize Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au vuka Kongo umsikilize Dr Nico: gitaa ni safi, kila noti imesimama kwa miguu yake, inang'aa kama maji ya Kiwira asubuhi. Mpiga solo wa dansi ana kazi ya kupita juu ya tarumbeta na juu ya gitaa la rithimu bila kugombana nalo. Silaha yake ni trebo. Mjomba ni wa shule hiyo. Mkwaruzo kwake ni kidogo tu, kama chumvi. Noti ing'ate mwishoni unapoisisitiza, kisha irudi kwenye adabu.

Aliponikabidhi amplifaya, miaka minne iliyopita, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kukakamaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekwisha kutoka na hayakuwa ya kusimulia, niko nyumbani nalima viazi na kujiita mwandishi. Akaniita, akanikalisha, akasema: "Mwipwa, chukua. Ila alama zangu usizihame." Alama zenyewe zilikuwa nukta nyekundu za rangi ya kucha, moja kwa kila nobu. Volyumu kwenye 6. Besi kwenye 3. Trebo kwenye 9. Nikasema, "Nimekubali, mjomba." Kwa hiyo msomaji utaona kabla ya uongo kulikuwa na ahadi.

Nikaenda nayo chumbani kwangu, nikaiweka sakafuni, nikapanga kama alama zilivyosema. Jamani! Ilikuwa kama mtu anakwaruza sufuria kwa kijiko. Nikadhani kosa ni langu, mikono yangu bado mibichi. Nikafanya mazoezi miezi mitatu na sauti ileile, nikiamini kwamba siku moja masikio yangu yatakua yaifikie hekima ya mzee. Hayakuifikia. Nikaanza kuzungusha kwa siri, usiku, kama mtu anayemwibia ndugu yake.

Na katika kuzungusha nikajifunza, ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo maana mambo haya hatufundishwi popote.

Nobu hizi haziko peke yake. Ukishusha trebo na besi zote mpaka sifuri katika Champ, sauti inapungua sana, ingawa volyumu hujaigusa. Kwa hiyo trebo si kikolezo unachonyunyizia juu. Ni sehemu ya mlango wenyewe. Anza na zote katikati, usikilize, kisha gusa moja tu. Ukigusa mbili kwa mpigo hutajua iliyokuponya ni ipi. Besi iogope. Unapokuwa peke yako chumbani besi nyingi ni tamu, inakukumbatia, unajiona bendi nzima. Lakini panda volyumu mpaka 6 na besi ikiwa kwenye 7, ile spika ya inchi 8 itaanza kukohoa, haiwezi mzigo huo. Tena ukikaa na mpiga gitaa la besi, besi yako na yake zinakuwa matope. Ilinichukua muda kukubali jambo hili, kwamba sauti iliyo nzuri katika kundi ukiisikia peke yake ni nyembamba, haina mvuto, unaweza kuionea haya.

Halafu kuna sikio lenyewe. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walipima mwaka 1933 wakaonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio halizisikii sawasawa sauti nene na sauti nyembamba sana. Ikipanda, zote zinarudi. Ndiyo maana ulichokipanga usiku kwa kunong'ona, ili mama asiamke, kesho ukumbini hakifai. Lazima upange kwa ukubwa utakaopigia. Mimi nilipanga mchana kaka zangu wakiwa shambani, na mvua isiponyesha, kwa maana mvua ya Rungwe juu ya bati hata wati 50 haziiwezi.

Na umeme. Huku kwetu jioni watu wakiwasha taa, runinga na pasi, umeme unashuka. Amplifaya za transista hazijali sana. Valvu inajali. Saa mbili usiku Champ ileile, nobu zilezile, inakuwa laini zaidi, mkwaruzo unakuja mapema, noti inazama kidogo kisha inainuka kama mtu anayevuta pumzi. Nilikuja kuipenda sana sauti ya saa mbili usiku. Ni sauti ya kijiji kizima kikipika mbalaga kwa wakati mmoja na kutazama taarifa ya habari.

La mwisho, na hili likumbuke maana litarudi: sauti za juu hutoka kwenye spika kama mwanga wa tochi, zinakwenda mbele moja kwa moja. Sauti nene zinasambaa kama moshi. Amplifaya ikiwa sakafuni nawe umesimama juu yake, trebo inapiga magoti yako. Wewe unasema haitoshi, unaongeza. Kumbe yule aliyekaa mita tano mbele yako anachomwa sindano. Wapiga gitaa wengi wanaoonekana wakatili ni watu tu ambao amplifaya zao ziko chini ya magoti.

Nikadhani hilo ndilo lililokuwa tatizo la mjomba. Nikadhani alizoea kuiweka sakafuni. Mpaka siku moja nilipokuwa naifuta vumbi, mchana, mlango uko wazi, nikaona kitu kwenye nobu ya trebo. Chini ya nukta nyekundu ya 9 hapakuwa na kitu. Lakini kwenye 7 kulikuwa na doa jeupe lililofifia, la ile dawa ya kufutia makosa ya wino. Na kwenye 5, karibu haionekani, mkwaruzo wa msumari. Alama tatu. Volyumu ilikuwa na moja. Besi ilikuwa na moja. Trebo peke yake ndiyo ilikuwa imesafiri.

Nilikaa kitandani nikazitazama.

Wiki ileile nilikuwa nimelala kwa mjomba. Usiku nyenje walikuwa wanalia nje kiasi cha kukera, na yeye akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mavuno, "Miaka hii nyenje wamekwisha kabisa. Nadhani ni hizi dawa za viazi." Mimi niliitikia tu, nikadhani ni maneno ya wazee. Sasa nikaelewa. Binadamu akizaliwa husikia mitikisiko kuanzia 20 mpaka 20,000 kwa sekunde, na kadiri umri unavyokwenda kinachoondoka kwanza ni kile cha juu. Aliyekaa miaka mingi mbele ya tarumbeta na matoazi kinaondoka upesi zaidi. Mjomba hakuwa amebadili sauti hata siku moja. Alikuwa anaifukuza sauti ileile ya ujana wake, na kila ilipokimbia alizungusha nobu kidogo akaikuta. Kwenye 5. Kwenye 7. Kwenye 9. Nobu ile inaishia 10.

Sasa harusi. Binti yake wa mwisho aliolewa Agosti ile, na mjomba akaomba kitu kimoja tu: sisi vijana tupige nyimbo mbili za dansi la zamani, mimi nishike solo kwa amplifaya yake, kwenye alama zake. Ukumbi ulikuwa wa kuta tupu, sakafu ya saruji, bati juu. Mahali kama hapo trebo haifi. Inatoka ukutani kwenda ukutani kama ndege aliyeingia ndani. Mchana tulipojaribu kwa alama nyekundu, mshikaji wangu wa rithimu aliweka gitaa chini akasema, "Oya, hiyo ni sindano." Mtoto mmoja akaziba masikio. Bibi harusi mwenyewe, akiwa bado na vitambaa kichwani, akaja akaniambia kwa upole, "Kaka, nakuomba."

Nikashusha trebo mpaka 5. Kwenye mkwaruzo wa msumari. Kisha nikatafuta matofali mawili, nikaiinua amplifaya mbele ikatazama juu, na nikaielekeza, kama anavyofanya mtu mwenye bunduki, kwenye kiti cha mbele ambacho mzee angekalia. Tochi yote immulike yeye. Wengine wapate moshi.

Alikuja na fimbo yake, na koti lile la kijivu. Shikamoo zikaisha. Akakaa kwenye kiti changu, namaanisha kile nilichomtegea. Akanitazama, ukumbi mzima ukiwa umenyamaza, akauliza lile swali. Nami nikajibu nilivyojibu.

Tukapiga. Mjomba alifumba macho. Kwenye solo ya wimbo wa pili aliinua mkono wa kulia, vidole vyake vile vilivyokakamaa, akavitikisa hewani kama anayekamata nyuzi. Tulipomaliza akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hiyo ndiyo." Halafu kwa chini, "Ndaga fijo, mwipwa." Sijawahi kushukuriwa hivyo kwa jambo lolote nililolifanya katika maisha yangu. Nikaona aibu hadi kwenye visigino. (Nyongeza ndogo: dada yake, aliyekaa nyuma yake kwenye mstari uleule wa tochi, alihamisha kiti katikati ya wimbo wa kwanza. Kwa hiyo lilikuwapo sikio lililoilipia furaha ya mzee, na mwenye sikio hilo hakuulizwa.)

Sasa nihukumu. Au ngoja nijitetee kwanza, maana nimejitetea mara nyingi kitandani na utetezi wangu umeshapata makali.

Nasema hivi: mjomba hakutaka alama, alitaka sauti. Alama ni njia tu. Sauti aliipata, nzima, kama alivyoikumbuka. Kama ningetii alama, ningelitunza neno lake na kuiharibu nia yake, pia harusi ya binti yake. Tena ile 5 ni alama yake mwenyewe. Aliichonga kwa mkono wake akiwa na masikio mazima. Nani kasema alama ya uzee ina haki kuliko alama ya ujana? Nilimtii mjomba dhidi ya mjomba.

Maneno matamu, siyo? Ningekuwa wakili ningekula vizuri. Lakini swali halikuwa "sauti iko sawa?" Swali lilikuwa "hujazigusa?" Na nilizigusa.

Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akibisha hodi akamuulize aliko rafiki yako, huna ruhusa ya kumdanganya. Mimi nikiusoma msimamo huo nasema huyu bwana hakuwa na mjomba. Kwetu, mtu mzima huwezi kumwambia usoni, "Mzee, masikio yamekwisha," mbele ya wakwe. Hiyo haiwi kweli, inakuwa utovu wa adabu uliovaa nguo za kweli. Tuna njia zetu: unatuma mtu wa tatu, unazungukia mlima, unaanza na hali ya hewa. Lakini mwendo huo wa kuzunguka unafika mahali. Habari inamfikia mwenyewe, polepole, na heshima yake ikiwa mkononi. Mimi sikuzunguka. Nilifunga njia.

Na hapa ndipo valvu inaponishinda. Nimeiita mwongo, lakini uongo wake uko hadharani. Inaongeza noti usiyoipiga, na kila mwenye masikio anasikia kwamba imeongeza. Riwaya nayo ni hivyohivyo. Anayefungua Rosa Mistika ya Kezilahabi anajua tangu jalada kwamba Rosa hayumo kwenye daftari la ubatizo la parokia yoyote ya Ukerewe, na bado atamlilia. Nilidhani kwa kuwa nataka kuwa mwandishi, uongo mzuri ni fani yangu na ninaweza kuutumia popote. Kumbe kuna uongo unaomfanya msikilizaji awe mwenzio, na kuna uongo unaomfanya awe mtoto. Mimi nilikaa nikaamua, peke yangu, na matofali yangu mawili, kwamba mzee wa miaka sabini na kitu, aliyepiga gitaa kabla sijazaliwa, hawezi kubeba habari ya masikio yake mwenyewe.

Lakini je, hakuijua?

Hili ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Aliyeweka doa jeupe kwenye 7 lazima aliuona mkwaruzo kwenye 5. Na aliyeweka nukta nyekundu kwenye 9 aliliona doa jeupe. Vidole vyake mwenyewe vilipita juu yake. Hakulifuta. Rangi ya kufutia ilikuwamo ndani ya nyumba, na hakulifuta. Mtu asiyejua anakokwenda haachi alama za nyayo namna ile. Basi lile swali lake, "Hujazigusa?", lilikuwa swali la nini? Nimeligeuza mara mia. Mara naona ni swali tu. Mara naona alikuwa ananifungulia mlango, mbele ya watu, niseme kwa utani, "Mjomba, leo nimerudi kwenye ule wa msumari," na watu wasingeelewa, ila yeye angeelewa, na tungecheka wawili. Mlango ukiwa wazi hivyo nikapita dirishani.

Baada ya keki niliwahi kurudisha trebo kwenye 9 kabla hajasogea. Alisogea kweli. Akainama kwa taabu, akaipapasa nobu ya trebo kwa kidole gumba, akaiacha. Kisha akayagusa matofali kwa ncha ya fimbo.

"Na haya?"

"Ya kuzuia unyevu, mjomba."

"Ehee," akasema. "Unyevu."

Sakafu ya saruji, mwezi Agosti, kiangazi. Hakuongeza neno. Akaniomba nimshike mkono ampeleke bibi harusi kwa wakwe, nikamshika.

Tangu hapo tumeonana mara nyingi. Tumezungumza bei ya viazi, tumezungumza parachichi zinazopandwa kila kona siku hizi mpaka migomba inang'olewa, tumezungumza hata hii riwaya yangu, ambayo yeye anaiita "ile barua yako ndefu". Amplifaya iko kwangu, trebo iko kwenye 5 ninapopiga na kwenye 9 nikisikia fimbo yake uani. Bado sijamwambia.

Jarida likitoka nitampelekea nakala. Herufi hizi ni ndogo, hataziweza. Anayemsomea siku hizi ni mjukuu wake wa darasa la sita, na mtoto yule ana sauti nyembamba sana. Nitamwambia akae mbele yake kabisa, asikae pembeni.